Katikati ya Mwezi Upi

Kwanza kabisa, wanangu, acheni kuwauliza watu "umeelewa?" Nimewasikia. Juzi nilikuja kupima presha yangu, nikakaa pale kwenye benchi la nje, dirisha liko wazi, nasikia mama mmoja anaingia, mwingine anatoka: "Umeelewa, mama?" "Ndiyo." "Umeelewa, mama?" "Ndiyo." Na wewe binti uliyesuka rasta ndefu, unajijua, ulifurahi kweli, ukadhani umefundisha. Mama wa huku kwetu atakujibu ndiyo hata ukimwambia ng'ombe wake ametaga. Hakudanganyi. Anakuheshimu, na anataka kurudi nyumbani, mihogo yake ameiacha juani.

Mimi naitwa Adela. Nilikuwa nesi mkunga tangu usichana wangu hadi waliponiambia nikapumzike, kwanza upande wa Kasulu, halafu Kibondo, na miaka ya mwisho zahanati ya huko Kumsenga. Walionipenda waliniita Sista. Wasionipenda waliniita Mkali, na wengi walikuwa ni wale wale. Sasa goti linauma, muda ninao, na mganga mfawidhi wenu ameniomba niwaandikie ninyi manesi wapya kidogo habari za kazi. Alitaka ya kuwatia moyo. Atanisamehe.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Skolastika, mkunga wa Kasulu, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Nilipokuwa mgeni alinisimamisha nyuma yake nimtazame tu. Siku moja akaja mama ambaye kifua kilikuwa hakiponi. Dawa alishapewa, na alizirudisha karibu zote, kazifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nilikuwa tayari kumfokea. Mama Skolastika akavuta kigoda, akakaa chini kuliko yule mgonjwa, akamwuliza, "Walikwambiaje?"

"Nimeze asubuhi na jioni, baada ya kula."

"Na kwenu mnakula saa ngapi?"

Yule mama akainama. "Mchana. Mara moja."

Basi, alikuwa anatii. Asubuhi hakula, hakumeza. Jioni hakula, hakumeza. Tulipobaki wawili Mama Skolastika akaniambia, "Adela, usimwulize mtu kama ameelewa. Mwambie akueleze wewe. Akimaliza, ndipo utajua ulimwambia nini." Mengi aliyonifundisha nimeyasahau. Hili lilibaki, na bila hili nisingejua kilichompata Yustina.

Lakini kabla sijafika kwake, nisikilizeni habari ya neno moja. Mwezi. Kwa Kiswahili mwezi ni ule wa juu. Mwezi ni Januari na Februari. Na mwanamke akiwa kwenye siku zake tunasema yuko mwezini. Nyumbani tunakosema Kiha, au Kirundi kwa wale ambao babu zao walivuka kuja huku, ukwezi ni ule wa juu, na wa kalenda ni huo huo. Sasa mtu wa mjini anasimama mbele ya watu, anasema, "Siku za kupata mimba ni katikati ya mwezi." Yeye ana mwezi mmoja kichwani. Waliokaa mbele yake wana miezi mitatu, na hakuna atakayenyoosha mkono kuuliza ni upi, maana habari yenyewe ni ya aibu, na mkwe wake amekaa benchi la pili.

Yustina alikuwa mke wa Melkiori, katekista wa kigango kimoja kule Kumsenga. Wazee wao walitoka Burundi, wao wawili walizaliwa huku na ni raia, wanalima maharage na mihogo kama kila mtu. Mwanamke mrefu, mcheshi, akifika zahanati foleni nzima inacheka. Alizaa wavulana wawili vizuri, Alfonsi na mdogo wake. Uchungu wa tatu ulimkalia vibaya. Mtoto alikwama, mfuko wa uzazi ukapasuka, mtoto akafa. Daktari aliushona ule mfuko akamwokoa mama, halafu akawaita mke na mume, nami nipo, akawaambia: "Huyu asibebe mimba tena. Mshono ukifunguka hatutamwahi."

Nani hakusikia hapo? Wote walisikia. Melkiori alilia mbele yetu, mwanamume mzima, bila kujificha. Alimpenda yule mke, msije mkasema baadaye kwamba hakumpenda.

Tulijaribu sindano ya kuzuia mimba. Ilimtoa damu wiki hadi wiki akaiacha. Kufunga kizazi, Melkiori alikataa. Alisema yeye ndiye anayewafundisha watu maagizo ya Kanisa, atasimamaje mbele yao. Nikamwambia, sawa, kama mnataka kushika siku, njooni wote wawili tuzihesabu pamoja, na hata hivyo kwa mtu mwenye mshono kama huu sikushauri. Akasema watakuja. Kabla hawajaja, wakaja wageni wa semina kwenye kigango. Kijana mmoja nadhifu, Kiswahili chake safi kama cha redioni, akawafundisha wanandoa uzazi wa mpango wa asili. Sikuwepo, lakini waliokuwepo wanasema alifundisha vizuri. Akasema siku za hatari ni katikati ya mwezi. Akauliza, "Mmeelewa?" Mnajua walijibu nini.

Melkiori akatoka pale amepata dawa. Hakuja tena kwangu, angekuja kufanya nini?

Kuanzia hapo ikawa kichekesho cha kijiji. Mwezi ukinenepa juu, katekista anabeba mkeka wake anahamia chumba cha vitabu vya dini. Mwezi ukikonda, anarudi kwa mkewe. Watoto wakiuona umejaa wanapiga kelele njiani, "Katekista anahama!" Naye anawacheka, anajivunia. Wanaume wengine walikuwa wanamwonea huruma, kwamba ana roho ngumu kweli. Mimi kichekesho hicho hakikunifikia. Mambo ya aina hiyo nesi huambiwa wa mwisho.

Na ilifanya kazi, ndilo baya lake. Zaidi ya mwaka ulipita bila mimba. Mwili wa Yustina ulikuwa bado unajipanga baada ya yale mateso, na siku zake zilikuwa zikipishana na mwezi wa juu, mara mbele, mara nyuma. Bahati tu. Lakini Melkiori mwenyewe alisema ni utii.

Halafu Yustina hakuonekana zahanati. Nikauliza, nikaambiwa amekwenda kwao Nyakitonto, upande wa Kasulu, kuuguza. Nikaamini. Masika ilikuwa inakaribia kwisha Melkiori alipoingia ofisini kwangu mchana, amekonda, shati la kanisani limechakaa kola. Hata salamu yake haikumalizika vizuri.

"Sista, mna kipimo cha kujua mimba ni ya nani?"

"Mimba ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Katekista! Mimba ya mke wako iwe ya nani tena?"

"Si yangu." Alisema polepole, macho sakafuni. "Mimi nilishika siku. Sikuvunja hata moja. Mungu anajua, na kigango kizima kinajua. Tumbo lilipoonekana nilimwuliza mbele ya watu. Akaapa. Nikamwambia arudi kwao."

Moyo ulinipasuka mara mbili, kwa mimba yenyewe na kwa hilo la kumwuliza mbele ya watu. Nilitaka kumpiga kofi, nawaambia ukweli. Badala yake nikamkumbuka Mama Skolastika na kile kigoda chake.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Nieleze ulivyoshika."

Akanieleza, tena kwa mpangilio, kama anayesoma katekisimu. "Mwezi ukianza kujaa nahama. Unajaa, unapungua, ukibaki nusu narudi."

"Mwezi gani, Katekista?"

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili, akanyoosha kidole darini. "Mwezi, Sista. Mwezi!"

Nikavuta kiti nikakaa. Nje kulikuwa na wamama wa kliniki wanaongea na watoto wanalia, na mimi sikusikia tena kitu.

Nilikuwa na maharage kwenye kikapu, ya kupika jioni, mchanganyiko. Nikayamwaga mezani. Na nyie pia fanyeni hivi, msitumie picha za mfuko wa uzazi; watu wanaona aibu, wanaangalia pembeni. Nikapanga mstari. Maharage mekundu machache mwanzoni, hizo ni siku za damu. Halafu meupe, mengi, mpaka nikaweka jekundu lingine mwisho kabisa, damu inayofuata. Nikamwambia: huu ndio mwezi wa mwanamke. Unaanza siku damu yake inapoanza, sio siku kalenda inapofunguliwa, wala mwezi wa juu unapoonekana. Yai linatoka kiasi cha wiki mbili kabla ya damu inayofuata. Nikaweka punje moja pembeni mwa mstari kuonyesha lilipo. Yai haliishi sana, kama siku moja hivi. Lakini mbegu ya mwanamume inaweza kusubiri ndani siku hata tano. Kwa hiyo hatari inaanza siku kadhaa kabla yai halijatoka, na hizo siku mbili tatu za kabla ndizo mbaya kuliko zote. Yai likishatoka na kufa, mlango unafungwa.

Na hapo ndipo ugumu ulipo, wanangu, muuweke kichwani: unahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye damu ambayo bado haijaja. Mwenye mzunguko mfupi, yai lake linawahi. Damu imekauka juzi tu, na tayari yuko hatarini. Mwenye mrefu, linachelewa. Na mwanamke huyo huyo, homa inamsogeza, njaa inamsogeza, msiba unamsogeza, kunyonyesha ndiyo kabisa. Wapo wanaojijua kwa ute, ukiwa mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi la kuku, wanajua siku zimefika. Ni alama nzuri. Wafundisheni kuijua, kwa anayetafuta mtoto na kwa asiyemtaka. Lakini aliyeambiwa akibeba atakufa, msimwachie maharage na ute. Kuhesabu ni kwa mtu ambaye akikosea atapata mtoto, si kaburi.

Nikamwuliza Melkiori, "Damu yake ya mwisho aliiona lini?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa sipo chumbani." Nikamwona anakumbuka kitu, uso wake ukabadilika. "Ule mkesha wa sikukuu ya Agosti. Mwezi ulikuwa umejaa, ninabeba mkeka. Akanicheka. Akaniambia, 'Unahama bure, Baba Alfonsi, mimi mwenyewe niko mwezini.' Nikamwambia aache utani."

"Na baada ya hapo hakuona tena?"

"Oya, hapana. Hakuona."

Nikachukua kidole chake, ndiyo, nilimshika kidole, nikakiweka kwenye maharage mekundu. "Hapa mwezi wako wa juu umejaa, naye anatoka damu. Hata ungelala naye hapa, hatari ingekuwa ndogo. Wewe uko kwenye vitabu." Nikakisogeza polepole kwenye meupe. "Hapa mwezi wako umekonda. Umefanya nini?"

"Nimerudi."

"Na yai liko wapi?"

Aliitazama ile punje niliyoiweka pembeni. Kidole chake kilikuwa juu yake kabisa. "Yoo," akasema. Halafu, "Ni mimi."

Nikaomba ruhusa kazini, kesho yake asubuhi tukaondoka wote wawili. Kutoka Kumsenga hadi Kibondo pikipiki, kutoka Kibondo gari la abiria, barabara wakati huo ilikuwa tope tupu, tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Mimi nilisema ya wawili, maana nikinyamaza naogopa.

Yustina tulimkuta uani kwa kaka yake anapepeta maharage, tumbo limekuwa kubwa. Alimtazama mumewe, akaendelea kupepeta.

"Mwakeye," akanisalimia mimi peke yangu.

Melkiori akapiga magoti kwenye makapi. Akaanza kusema, Yustina akamkatiza. "Ngoja. Uliniuliza mbele ya watu. Waite watu." Kaka yake akawaita majirani, wakaja na majembe yao mikononi. Ndipo Melkiori akasema yote, kwamba mimba ni yake, kwamba alishika mwezi usio wenyewe, kwamba mkewe hana kosa. Aliisema ile habari ya aibu yote, mbele ya wanaume na wanawake na watoto. Hakuna aliyecheka. Yustina akaweka ungo chini, akasema, "Sasa ninaweza kwenda hospitali."

Asubuhi tukapata pikapu ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anatoka na mahindi kwenda Kasulu mjini. Tukamlaza nyuma juu ya magunia, mimi na Melkiori pembeni yake. Alikuwa hana uchungu bado, ametulia kabisa, ameanza na utani wake. Katikati ya njia akaniuliza, "Sista, yule kijana wa semina alisema mwezi upi?"

"Wako wewe, Yustina. Tangu damu yako inapoanza."

"Wangu?" Akacheka kwa kweli, akashika tumbo. "Wangu ninaujua mbona! Naujua kuliko jina langu. Hakuna aliyeniuliza habari za wangu."

Tulipoanza kuona mabati ya mji ndipo aliposhika mkono wangu akaubana. Nilipogusa tumbo nilijua mshono umefunguka. Nilivyojua sitawaeleza, mtaligusa wenyewe siku moja, na mtajua. Dereva aliendesha kama kichaa. Hospitalini walimpokea mbio, sina la kuwalaumu, mikono yao haikusimama hata mara moja. Mtoto walimtoa akiwa hai, wa kike, mdogo, ana hasira. Mama yake alikuwa ameshaishiwa damu. Mlinzi alitoa yake, mimi nilitoa yangu, Melkiori alipanga foleni na mkono wa shati ameshaukunja, akaambiwa aushushe tu, Yustina ameshatutoka.

Nililia kazini mara nyingi. Siku ile sikulia. Nilikuwa na hasira tu, na sikuwa na wa kumkasirikia. Kijana wa semina alisema kweli. Melkiori alitii. Yustina alisema tena kwa mdomo wake, niko mwezini, akaambiwa aache utani. Mtamfunga nani? Neno? Mpaka leo hasira hiyo ninayo, na ndiyo maana ninawapigia kelele.

Tangu siku ile sikulitumia tena neno mwezi kliniki. Nilisema "tangu damu yako ianze." Nilimwuliza mwanamke kwanza yeye anajua nini kuhusu mwili wake, ndipo nami nikasema. Na kila mmoja alipanga maharage yeye mwenyewe, sio mimi. Akikosea mstari, tunacheka, anaanza upya. Kliniki yangu ilikuwa inachelewa kwisha, wenzangu wakanung'unika. Wacha wanung'unike.

Mtoto aliitwa Konsolata. Melkiori hakuoa tena, wala ukatekista hakuurudia. Alimlea na kaka zake wawili, mgongoni kama mwanamke, akienda naye shambani. Lakini mdomo wa watu mnaujua. Alichokisema mara ya kwanza kilisikika Kumsenga. Alichokisema kwenye makapi kilisikika Nyakitonto. Alirudi akakisema tena kwao, na tena, ila watu walishazoea kile cha kwanza. Shuleni wenzake walimwita yule mtoto "wa Nyakitonto", na maana yake, kwamba si wa Melkiori, kila mtu aliijua.

Mwaka huu, kabla ya mvua, wakaja kwangu Kibondo. Binti amevunja ungo, mrefu kama mama yake. Melkiori akabaki mlangoni, kofia mkononi.

"Sista, ameanza kuona... ameanza ile." Akashindwa. "Mfundishe wewe. Mimi neno lile haliwezi kutoka mdomoni."

Akakaa nje kwenye benchi, mlango wazi. Nikamwaga maharage mezani. Sikumwambia Konsolata kitu mpaka nilipomwuliza yeye anajua nini, akasema anajua kidogo, ya shuleni. Nikamfundisha, mekundu, meupe, punje ya pembeni, mbegu inayosubiri. Halafu nikamwambia, "Haya, nieleze wewe."

Akapanga mstari wake bila kukosea. Akaeleza taratibu, sauti ya chini. Alipofika kwenye meupe akasimama, akauliza, "Bibi, baba alihama mwezi wa juu ukijaa, sivyo? Wameniambia."

"Ndiyo."

"Na mama alikuwa na damu wakati huo."

"Ndiyo. Alimwambia mwenyewe."

Akasogeza kidole kutoka kwenye mekundu, polepole, mpaka kikafika kwenye ile punje. Akakiacha hapo.

"Kwa hiyo baba yangu ni baba," akasema. "Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo, mwanangu."

Akayakusanya maharage yote kwenye kiganja, akatoka nayo nje. Nikamsikia anamwambia, "Baba, sogea nikuonyeshe," na anaanza kuyapanga upya pale kwenye benchi.